Njumu za Mkanda wa Pikipiki ya Theluji: Zinapoteleza, Kupinda, Kung'oka na Kutoboa Rejeta

Malalamiko kuhusu njumu za pikipiki ya theluji hujirudia. Mtu amenunua njumu 96 au 144, amezifunga mwenyewe kwa siku mbili, na baada ya safari ya tatu anakuta kumi zimepinda, mbili hazipo, na mkanda umeanza kuchanika. Lawama yote inaiangukia njumu. Mara nyingi njumu haina kosa: ama urefu wake haukulingana na matuta ya mkanda, ama nati haikukazwa mpaka kichwa kikakaa sawa na mpira. Mambo hayo mawili yatajitokeza karibu kila sehemu ya mwongozo huu, kwa sababu njumu ni wenzo. Barafu inaisukuma nchani, mkanda unaishikilia shinani. Kila milimita inayochomoza bila kuegemea mpira inaupa wenzo huo nguvu zaidi ya kuuchana mkanda wako.

Kwanza tuelewane kwa majina. Mkanda ni ule mpira mpana unaozunguka chini ya mashine. Juu yake kuna matuta ya kushika theluji. Ndani ya mpira, zikikatiza kutoka upande hadi upande, kuna fito za nyuzi za kioo zinazoupa ugumu. Madirisha ni matundu ambamo meno ya sproketi huingia kuusukuma, na kando ya madirisha kuna vibanio vya chuma vinavyopita juu ya slaidi, yaani plastiki ngumu iliyovikwa chini ya reli mbili za sasipensheni. Handaki ni bati lililoukunjia mkanda kwa juu, na kwenye mashine nyingi rejeta zimebandikwa humo humo, sentimita chache tu kutoka ncha za njumu. Njumu yenyewe ina kichwa bapa kinachokaa upande wa ndani wa mkanda, shina lenye nyuzi za skrubu linalopenya hadi nje, bamba la kuegemea, nati ya kujifunga, na ncha ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida.

Kabla hujagusa chochote

Zima injini, toa ufunguo, acha mashine ipoe. Ukiinua nyuma, tumia stendi imara yenye kinga nyuma yake, kamwe si matofali au gogo. Usimruhusu mtu yeyote kusimama nyuma ya mashine mkanda unapozungushwa kwa injini. Njumu iliyolegea ikichomoka hutoka kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Kagua kwa kuuzungusha mkanda kwa mkono, umevaa glavu nene. Madigadi ya mpira ya nyuma iwepo na iwe nzima kila unapoendesha, maana ndiyo inayomkinga anayekufuata.

Dalili ya 1: Njumu zipo, lakini mashine bado inateleza kwenye barafu

Sababu inayoongoza ni ncha butu. Uchunguzi wake hauhitaji kifaa: kwaruza ukucha wa kidole gumba taratibu kwenye ncha. Ncha nzuri inachuna ukucha na kuacha unga mweupe. Ncha iliyokwisha inateleza juu yake kama kijiwe cha mtoni. Kagua njumu ishirini hivi, kutoka sehemu mbalimbali za mkanda. Ukiona shimo dogo mahali kabaidi ilipokuwa, ujue ncha imedondoka na sasa unakwaruza barafu kwa chuma laini kitakachoisha upesi. Kupita kwenye lami, changarawe na reli za treni ndiko kunakoziua ncha haraka kuliko kitu kingine chochote.

Sababu ya pili ni urefu. Weka rula juu ya tuta la mpira na upime njumu inachomoza kiasi gani kulipita. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 6 hadi 10. Ikiwa chini ya hapo, mpira unagusa barafu kabla ncha haijauma, hasa kwenye barafu ngumu ya baridi kali. Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye pakiti peke yake, kwa kuwa unene wa mkanda nao hutofautiana. Nunua njumu mbili za majaribio, funga moja, pima, ndipo uagize zilizobaki. Gharama ya njumu mbili si kitu ukilinganisha na mia na arobaini zisizofaa.

Sababu ya tatu ni idadi na mpangilio, na hapa pana hesabu ambayo wengi hawajawahi kuelezwa. Mkanda wenye urefu wa inchi 121 na pichi (umbali kutoka safu moja ya matuta hadi inayofuata) ya inchi 2.52 una safu 48 za matuta. Ukiweka njumu mbili kwa kila safu unapata 96; ukiweka tatu, 144; ukiweka nne, 192. Ndiyo asili ya namba hizo zinazotajwa kila mahali. Mkanda mrefu zaidi wenye njumu 96 basi una njumu chache kwa kila mita ya urefu wake, hivyo aliyebadilisha mkanda wa 121 akaweka wa 137 na kubaki na idadi ileile ya njumu asishangae mshiko ukipungua.

Lakini idadi haitoshi. Ukiweka njumu 144 zote zikifuatana kwenye mistari minne, ya pili inapita kwenye mkwaruzo wa ya kwanza, ya tatu kwenye mkwaruzo wa ya pili, na zote zinakuna barafu iliyokwisha kuvunjwa. Mpangilio mzuri unazitawanya ili kila njumu ipate barafu mpya, na mistari ya mikwaruzo iwe mingi. Piga picha mkanda kutoka nyuma, chora mistari ya wima juu ya picha, uhesabu. Ukipata mistari minne au mitano tu, tatizo lako ni kiolezo ulichotumia, yaani mchoro unaoonyesha mahali pa kutoboa, wala si ubora wa njumu.

Nguvu ya injini nayo ina neno lake. Mashine ya wastani inayotembea njia zilizotengenezwa hukidhiwa na 96. Injini kubwa inayozungusha mkanda kila unapogusa gesi itataka 144 au zaidi, si kwa ajili ya mshiko tu: njumu chache zikibebeshwa nguvu nyingi ndizo zinazong'oka.

Dalili ya 2: Ukikata kona, mbele inaendelea moja kwa moja

Hili linawashtua wengi, kwa sababu kabla ya njumu mashine ilikuwa inakata kona vizuri. Sasa nyuma imeshika barafu kwa nguvu na inaisukuma mbele, huku ski, zile mbao za kutelezea za mbele, hazina makali ya kuuma barafu. Njumu hazijaharibika. Umeongeza mshiko upande mmoja tu.

Angalia vyuma vya chini ya ski. Vipinduliwe uvione: sehemu yenye kabaidi iwe na makali yanayokwaruza ukucha kama ncha ya njumu. Kama vimekwisha, badilisha. Kama ni vizima, pima urefu wa kabaidi yenyewe, si wa chuma kizima. Pa kuanzia ni inchi 4 hadi 6 za kabaidi kwa kila ski ukiwa na njumu 96, na inchi 6 hadi 8 ukiwa na 144. Kama bado mbele inasukumwa, angalia kama ski zimepangwa sawa, na kama utepe wa kuzuia sasipensheni ya nyuma (si ule mkanda mkubwa wa mpira) umelegea kiasi cha kuinua mbele kila unapoongeza gesi.

Kinyume chake kipo pia: nyuma inazunguka na kukupita kwenye kona. Hapo kabaidi ya mbele imezidi njumu za nyuma, au njumu zako zote ziko kwenye sehemu ya katikati ya mkanda. Njumu za katikati husaidia kuondoka na kusimama kwa mstari ulionyooka. Za pembeni ndizo zinazoizuia nyuma isiteleze kwa ubavu. Kuhamishia chache pembeni, pale kiolezo cha mtengenezaji kinaporuhusu, hubadilisha tabia ya mashine kuliko kuongeza nyingine katikati.

Mashine yenye njumu, zaidi ya hayo, husimama kwa umbali mfupi. Anayekufuata bila njumu hatasimama unaposimama wewe. Mwambie kabla hamjaondoka.

Dalili ya 3: Njumu zimeinama

Zikiwa zimeinama zote kuelekea upande mmoja, kana kwamba upepo umezipitia, sababu ni kukazwa kidogo. Kichwa hakikuvutwa kikazama kwenye mpira, hivyo njumu inacheza ndani ya tundu lake, tundu linapanuka, na kila mzunguko unailaza zaidi. Shika ncha kwa koleo na uitikise. Njumu iliyofungwa vizuri haisogei peke yake. Mpira wote unasogea nayo. Ikicheza, itazame kwa ndani: kichwa kiwe sawa na uso wa mpira, kisichomoze wala kisididimie hadi mpira ukapasuka kuzunguka kingo zake.

Tiba ni kukaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa njumu. Fanya hivyo tena baada ya safari ya kwanza na baada ya kilomita 100 hivi, maana mpira hujikandamiza na nati hubaki imelegea ingawa siku ya kwanza uliikaza barabara. Wengi huacha kazi hii kwa sababu ni ya kuchosha. Ni nusu saa, na hakuna nusu saa nyingine inayookoa njumu nyingi hivyo.

Zikiwa zimepinda chache tu, huku na huko, kila moja upande wake, umegonga jiwe, kisiki au reli ya treni. Zibadilishe. Usizinyooshe kwa nyundo: shina lililopinda likanyooshwa limekwisha kudhoofika, na litakatika wakati linapozunguka kwa kasi chini yako.

Zikiwa zimepinda ilhali zimekazwa vizuri na hukugonga kitu, rudi kwenye rula. Njumu inayochomoza milimita 15 juu ya tuta haina wa kuiegemeza. Vilevile kagua bamba: bamba dogo, au lililokalia ukingo wa tuta badala ya kulala bapa kwenye mpira, linayumba na njumu inayumba nalo. Mabamba ya alumini ndiyo ya kawaida kwa sababu ni mepesi, na lenye matundu mawili linalofunga njumu mbili pamoja huzuia kuinama kuliko mabamba mawili ya tundu moja moja.

Dalili ya 4: Njumu zinang'oka na kuacha matundu, au mkanda unachanika

Hapa usikimbilie kujaza njumu mpya. Kaa chini na mkanda, taa mkononi, utazame tundu lenyewe, maana umbo lake linasimulia lililotokea.

Tundu la duara, safi, lenye nyuzi zilizonyooka pembeni za kitambaa kilichomo ndani ya mpira: nati ilifunguka na njumu ikadondokea ndani. Mara nyingi nati hizo zilitumika mara ya pili. Nati ya kujifunga yenye pete ya plastiki hushika vizuri mara moja. Ukiifungua, plastiki imekwisha kuchongwa. Nati mpya kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzima machoni.

Tundu lililorefuka kama yai, mpira umesagika upande mmoja: njumu ilicheza muda mrefu kabla ya kutoka. Hiyo ni dalili ya 3 iliyoachwa bila tiba. Kama nyuzi za kitambaa pembeni bado ni nzima, njumu yenye kichwa kipana zaidi inaweza kushika hapo. Kama zimekatika, liache tundu hilo wazi na utoboe jipya mahali pengine panaporuhusiwa.

Tundu lenye mpasuko unaoelekea dirishani au ukingoni: lilitobolewa karibu mno. Mpasuko wa namna hii haukomi wenyewe.

Tundu ambalo pembeni yake unaona vipande vyeupe vilivyovunjika kama majani makavu ya mwanzi: drili ilikata ufito. Mkanda umepoteza ugumu wake mahali hapo, utakunjamana kila unapopita sproketi, na njumu jirani nazo zitaanza kulegea. Ufito uliokatika haushonwi wala haugundishwi. Mmoja ukikatika kwenye mkanda mpana unaweza kumaliza msimu kwa mwendo wa pole huku unakagua kila safari. Ikiwa ni mitatu, au miwili iliyo jirani, mkanda huo umekwisha.

Sababu nyingine, isiyo ya kawaida sana lakini yenye hasara kubwa zaidi, ni kufunga njumu kwenye mkanda usiokusudiwa. Mikanda mingine imetengenezwa kwa tabaka moja la kitambaa ili iwe myepesi kwenye theluji nene, na haina nyama ya kushika kichwa cha njumu. Mikanda yenye matuta marefu, ya inchi 1.75 kwenda juu, nayo si ya njumu: ingehitaji njumu ndefu mno, na tumeshaona wenzo hufanya nini. Baadhi ya mikanda ina alama iliyochongwa kwenye mpira wenyewe inayoonyesha kama njumu zinaruhusiwa. Itafute, halafu usome kitabu cha mashine, kabla hujalipia chochote. Kwenye theluji nene njumu hazikusaidii hata hivyo. Kazi huko inafanywa na matuta.

*Simama, muite fundi:* mpasuko wowote unaozidi upana wa vidole viwili, mpasuko uliofika dirishani, kibanio cha chuma kilichong'oka, au nyuzi za ndani zinazoning'inia. Mkanda unaokatika mashine ikiwa kwenye kasi huweza kuikwamisha mashine papo hapo.

Dalili ya 5: Kitu kinagonga chini yako, au maji ya rejeta yanapungua

Mlio wenyewe hutofautiana, na inafaa kuusikiliza. Mlio mkavu wa taka-taka-taka unaoongezeka na kasi kisha kupotea ukikaza gesi kwa kawaida ni mkanda uliolegea ukipiga handaki. Mlio wa ghafla, mzito, unaosikika ukiongeza gesi au ukifunga breki kwa nguvu ni sproketi ikiruka jino.

Anza na mvutano wa mkanda. Mkanda mpya hurefuka katika safari za mwanzo, na uzito wa njumu nao unauvuta nje unapozunguka kwa kasi, kwa hiyo nafasi unayoiona mashine ikiwa imesimama si nafasi iliyopo ukiwa mwendoni. Kitabu cha mashine kinatoa uzito wa kuning'iniza katikati ya reli na kiasi ambacho mkanda unapaswa kushuka. Fuata kipimo hicho, kaza skrubu za nyuma sawasawa kushoto na kulia, zungusha mkanda, kisha pima tena. Usikaze kupita kiasi ili kuwa salama: slaidi na beringi zitalipa.

Halafu ingia chini na taa. Unatafuta mistari inayong'aa kwenye alumini. Mkwaruzo wa zamani ni wa kijivu, umefifia. Wa leo unameremeta kama fedha, na ukiugusa utakuta vumbi la chuma. Mistari ikiwa kwenye rejeta, usiendeshe tena mpaka umejua kwa nini. Nimewahi kuona rejeta ambayo mkwaruzo wake ulikuwa kama mstari wa penseli. Mwenye nayo alisema ataitazama wiki ijayo. Siku hiyohiyo jioni kulikuwa na alama za rangi ya kijani kwenye theluji, tone baada ya tone, kuanzia mahali mashine ilipoegeshwa hadi pale ilipozimika.

Sababu, kwa mpangilio wa kawaida wake: mkanda uliolegea, kutokuwepo kwa vipande vya kinga vinavyofungwa ndani ya handaki kuikinga rejeta, njumu ndefu mno, na nafasi ndogo mbele, pale mkanda unapozunguka sproketi, hasa kwa aliyeongeza urefu wa matuta na njumu kwa pamoja. Hapo mbele ndipo watu husahau kupima, kwa sababu hapaonekani bila kulala chini. Pima sasipensheni ikiwa imekandamizwa hadi mwisho, si ikiwa imening'inia. Vipande vya kinga navyo lazima vilingane na mistari ya njumu zako. Kinga iliyowekwa mahali ambapo hakuna njumu inapita ni uzito wa bure, na yenyewe ikiwa nene mno inapunguza nafasi uliyokuwa nayo.

*Simama, muite fundi:* rejeta iliyotoboka, sproketi inayoendelea kuruka baada ya kurekebisha mvutano, au mchezo wowote kwenye ekseli ya mbele. Kulehemu rejeta ya handaki si kazi ya kubahatisha nyumbani, na kupunguza ukubwa wa sproketi ili kupata nafasi hubadilisha mwendo mzima wa mashine. Usijaze maji matupu ufike nyumbani kisha ukasahau: yataganda na kupasua zaidi.

Dalili ya 6: Injini inapata joto, slaidi zinanuka plastiki ya kuungua

Hili hujitokeza sana kwa aliyefunga njumu ili atembee kwenye maziwa yaliyoganda na njia ngumu. Rejeta za handaki hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda, na slaidi hulainishwa na theluji hiyohiyo. Kwenye barafu tupu hakuna cha kurushwa. Njumu hazikusababisha joto, ila zimekuwezesha kufika na kudumu mahali ambapo mashine haipati theluji.

Angalia kwanza kiwango cha maji ya rejeta, kisha mvutano (mkanda uliokazwa mno husaga slaidi hata kwenye theluji), kisha unene wa slaidi zenyewe. Kama vyote viko sawa, funga vikwaruzo vya barafu, vile vyuma vya springi vinavyoburuta kando ya reli na kurusha unga wa barafu juu ya slaidi na rejeta. Kumbuka kuviinua kabla ya kurudi nyuma kama si vya aina inayojikunja. Taa ya joto ikiwaka, ingia kwenye theluji laini pembeni mwa njia ukatembee taratibu. Isipozimika, zima injini.

Dalili ya 7: Mtetemo mpya baada ya kufunga njumu

Karibu kila mara ni vichwa vya njumu vinavyopita chini ya magurudumu madogo ya sasipensheni. Tazama mpira wa magurudumu hayo: ukiona vijishimo vinavyojirudia, umepata jibu. Hamisha njumu za mstari huo. Kama magurudumu ni safi, hesabu njumu zilizopotea. Upande mmoja wa mkanda ukiwa umepoteza nyingi, mkanda hauna mizani tena. Mwisho kagua kama mkanda unakwenda pembeni, kwa kuuzungusha na kulinganisha umbali wa vibanio na reli pande zote mbili.

Matatizo yanayotokea wakati wa kufunga

*Njumu inazunguka pamoja na nati.* Tundu ni kubwa mno, au kichwa hakijavutwa kikauma mpira. Tumia biti maalumu ya mkanda, ile yenye tundu katikati inayokata kiduara cha mpira na kukitoa. Biti ya kawaida ya chuma au mbao inachana mpira na kuvuta nyuzi, na tundu lake halina umbo. Kipenyo kiwe kile alichoandika mtengenezaji wa njumu hizo, maana shina za aina mbalimbali hazifanani.

*Njumu haipenyi.* Lowesha tundu kwa maji ya sabuni, uivute kutoka nje kwa koleo la kushika shina, usiigonge kwa nyundo kutoka ndani. Usipake mafuta wala grisi. Grisi hubaki, huingia kwenye nyuzi za nati, na baadaye kipimo chako cha torki kinadanganya.

*Bamba halilali bapa.* Tuta linalizuia. Punguza ukingo wa tuta kwa kisu kikali au kisagio, mpira tu, bila kugusa uso wa mkanda. Usilazimishe kwa kukaza nati: bamba litapinda na njumu itaanza maisha yake ikiwa imeinama.

*Umegundua kiolezo kimehama katikati ya kazi.* Acha drili. Chora alama zote kwa chaki upya, kuzunguka mkanda mzima, hadi alama ya mwisho ikutane na ya kwanza. Mkanda wa safu 48 ukikubali mpangilio unaojirudia kila safu 6, unafunga mduara bila kubaki kitu. Ukiwa na safu 51, mpangilio huohuo utabaki na safu tatu, nazo lazima uzipange kwa mkono. Kabla ya kila tundu, papasa mpira kwa kidole. Fito huinua mpira kidogo kuliko sehemu zilizo kati yake, na tundu huwa kati ya fito mbili.

*Mkanda ulikuja na njumu ndogo tangu kiwandani, nazo zinachomoka.* Hizi hukaa ndani ya tuta lenyewe, si kupenya mkanda, kwa hiyo hazina nati wala bamba. Hazikazwi. Zinarudishwa kwa kifaa chake, na tuta lililochanika haliwezi kushika nyingine.

Baada ya njumu ya mwisho, zungusha mkanda kwa mkono mizunguko miwili kamili, sikio karibu na handaki. Kisha weka mkeka mnene mahali pa kuegesha na kwenye sakafu ya trela, na unaposhusha mashine usizungushe mkanda hata robo mzunguko hadi iwe imegusa theluji.